Bangili ya kaharabu: namna ya kuipima, kuivaa na kuitunza ukiwa Dodoma

Watu wa huku kwetu tumezoea mawe. Winza ya Mpwapwa imetoa rubi, Haneti kule Chamwino kuna krisopresi ya kijani, na ukikaa Dodoma muda mrefu hukosi ndugu au jirani aliyewahi kukuonyesha mawe yaliyokunjwa kwenye karatasi. Kwa hiyo mteja akishika bangili ya kaharabu anaifanyia yale yale aliyoyaona kwa wachimbaji: anaipima uzito kiganjani, anaigusisha shavuni asikie ubaridi, anataka kuikwaruzia kioo. Kwa rubi utafika salama. Kwa kaharabu utaishia kununua kioo au plastiki nzito na kuiacha ile halisi mezani, maana kaharabu ni nyepesi, haina ubaridi, na ni laini karibu sawa na ukucha wako.

Natunga shanga na kukarabati vidani karibu na Soko la Majengo, na wanaoniletea kaharabu ni wa aina mbili: mabibi harusi wenye bangili za kurithi, na wazee wenye tasbihi. Wote swali lao ni moja: "Hii ni yenyewe?" Kabla sijaonyesha namna ya kujibu, tujue kwanza tunatafuta nini.

Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliofukiwa ardhini ukakaa mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Ile inayojulikana zaidi duniani inatoka pwani ya Bahari ya Baltiki: Kaliningrad nchini Urusi, Poland, Lithuania. Umri wake ni kama miaka milioni 40. Ya Jamhuri ya Dominika ni changa zaidi, miaka milioni 15 hadi 20, na ya Myanmar ni ya zamani sana, karibu milioni 99. Usiichanganye na gundi ya migunga ambayo watoto wetu wanaibandua kwenye magome na kuitafuna. Ile gundi inayeyuka kwenye maji. Utomvu unaozaa kaharabu hauyeyuki kwenye maji hata ukiuloweka wiki nzima.

Kuna kitu cha nyumbani kinachofanana nayo kuliko vyote, nacho ni sandarusi. Inatoka kwenye msandarusi, mti wa pwani yetu. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliinunua Zanzibar kwa wingi kwa ajili ya kutengeneza vanishi, na iliyopendwa zaidi ilikuwa ile iliyochimbwa ardhini. Nayo ni utomvu, nayo ina rangi ya asali, nayo wakati mwingine ina mdudu ndani. Ilichokosa ni umri. Haijakaa vya kutosha kukomaa, kwa hiyo bado ni rahisi kuyeyushwa. Mimi naipenda sandarusi na natengeneza nayo hereni nzuri. Ubaya unaanza pale inapouzwa kwa jina na bei ya kaharabu.

Anza na maji ya chumvi

Hakuna kipimo kimoja cha nyumbani kinachothibitisha kaharabu peke yake. Kila kipimo kinamwondoa mshukiwa mmoja, basi. Ndiyo maana mpangilio ni muhimu: unaanza na kisichoumiza kitu, unamaliza na chenye kuacha alama, na mara nyingi hufiki huko mwisho.

Chukua maji nusu lita. Mwombe mwenye duka akupimie chumvi gramu 100. Koroga mpaka iishe kabisa; ikibaki chini kipimo kitakudanganya. Sasa una maji mazito kuliko kaharabu. Tumbukiza kitu chako taratibu, kisukume chini kwa kidole ili mapovu ya hewa yatoke, kisha kiachie. Kaharabu inapanda juu. Kioo kinazama papo hapo. Bakelaiti, ile plastiki ya zamani iliyovumbuliwa mwaka 1907, inazama. Plastiki nyingi za kisasa zinazama pia. Rudia kwenye maji matupu yasiyo na chumvi: hapo kaharabu inatakiwa izame, polepole. Kitu kinachoelea hata kwenye maji matupu kina uwazi ndani au ni plastiki nyepesi mno.

Ukimaliza suuza kwa maji safi na ufute, chumvi isikaukie kwenye matundu.

Bangili yenye fedha au kufuli la chuma usihangaike nayo kwenye chumvi. Chuma kitaivuta chini hata kama kaharabu yake ni safi kabisa. Kipimo hiki ni cha punje zilizo huru, bangili ya kipande kimoja, au iliyotungwa kwa lastiki.

Mzee mmoja wa Kondoa aliniletea tasbihi ya babu yake, punje 33, uzi ukiwa umechakaa. Nilipoikata niifunge upya nikamwomba ruhusa tuzipitishe punje kwenye chumvi moja moja, akakubali, akavuta kigoda akakaa kutazama. Moja baada ya nyingine zikapanda, na kila ikipanda anasema "Alhamdulillah" kwa sauti ya chini. Kisha ikaja moja iliyotua chini ya bakuli ikatulia hapo. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hiyo ni ya dukani. Moja ilipotea safarini, baba akaweka nyingine." Kwa macho zilikuwa sawa, rangi ile ile ya asali iliyokolea. Nilipoiweka ile ya dukani chini ya lenzi ndipo nikaona kovu jembamba limezunguka tumbo lake kama mshipi. Hilo ni kovu la kalibu: punje ilimiminwa kwenye vipande viwili vya kalibu vikakutanishwa. Kaharabu inachongwa, haimiminwi, kwa hiyo haina mshipi huo. Mzee akataka irudi mahali pake palepale. Nikairudisha.

Halafu asetoni, kwa ajili ya sandarusi

Sandarusi inaelea sawasawa na kaharabu, kwa hiyo chumvi haiwezi kuzitenganisha. Hapa unahitaji asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Soma chupa uhakikishe ni ya asetoni kweli, maana siku hizi zipo zisizo nayo. Tafuta sehemu isiyoonekana, upande wa ndani wa bangili au karibu na tundu la ushanga. Dondosha tone moja, subiri likauke, kisha gusa kwa kidole. Sandarusi itanata, au utaona pamefifia na kupoteza mng'aro. Kaharabu iliyokomaa haifanyi hivyo. Lakini usiiloweke, na usirudierudie. Tone moja linatosha kukupa jibu, na asetoni nyingi haifai kwa kaharabu yoyote.

Kama hutaki kutumia dawa kabisa, sugua kwa nguvu na dole gumba kavu kwa muda mpaka pawe pa moto. Sandarusi changa huanza kunata na kutoa harufu ya utomvu. Kaharabu inatoa harufu hafifu, au haitoi kabisa, na haibandiki kidole.

Kuna wanaosugua kwenye kitambaa kisha wanainyanyulia vipande vya karatasi na kusema "umeona, inavuta!" Ni kweli kaharabu inavuta. Rula ya shule nayo inavuta. Usimlipe mtu kwa hilo.

Tochi ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa zambarau, inasaidia sana na haiumizi kitu. Ingia chumba chenye giza, mulika. Kaharabu ya Baltiki kwa kawaida inatoa mng'ao wa bluu hafifu iliyochanganyika na nyeupe, au manjano ya kijani. Plastiki nyingi zinabaki zimekufa tu, ingawa zipo zinazong'aa, kwa hiyo tochi ni shahidi wa pili baada ya chumvi.

Sindano ya moto imetajwa sana na watu wanaipenda kwa sababu ina moshi na harufu. Mimi siipendi. Inaacha tundu la kudumu, na kaharabu inaweza kupasuka pale inapochomwa. Kama kitu ni chako na umeshindwa kwingine kote, choma ndani ya tundu la uzi ambako hakuna atakayeona. Harufu ya utomvu kama ubani, moshi mweupe: vizuri. Harufu ya plastiki iliyoungua unaijua. Ila usikubali mtu achome bangili ya mama yako mbele ya kaunta ili tu kukuridhisha.

Mdudu ndani

Mdudu ndicho kitu kinachouza bandia kuliko vyote. Ukiona nge mzima, miguu imenyooshwa vizuri pande zote, amekaa katikati kabisa, weka chini uendelee na safari. Wadudu wa kweli kwenye kaharabu ni wadogo: visubi, mbu wadogo, sisimizi. Wamekaa upande, bawa moja limekunjwa, mara nyingi kuna povu au ukungu mweupe kando ya mwili. Kwenye ya Baltiki tafuta kwa lenzi vinywele vidogo sana vyenye umbo la nyota. Vinatoka kwenye machipukizi ya mialoni ya wakati ule. Mwongo anayeweka nge haangaiki na vinywele.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kuna kaharabu halisi iliyofanyiwa kazi, na hilo si kosa mradi uambiwe. Iliyoshindiliwa inatokana na vipande vidogo na unga wa kaharabu, vikapashwa joto na kukandamizwa vikawa kitu kimoja. Inapita kwenye chumvi, inapita kwenye asetoni, kwa sababu ni kaharabu kweli. Kwenye mwanga utaona mipaka ya vipande vya zamani, au mapovu yaliyorefuka upande mmoja kana kwamba yamevutwa. Iliyopashwa joto inakuwa na visahani vinavyong'aa ndani, watu wanavipenda mno, na mara nyingi hutokana na joto hilo. Ya kijani, usiamini kuwa imechimbwa hivyo; karibu daima ni ya joto au imepakwa rangi nyuma.

Kwa bangili swali hili lina uzito wa pekee. Bangili ya kipande kimoja, duara zima lisilo na kiungo, inahitaji bonge kubwa la kaharabu lisilo na ufa, na katikati yote inatolewa. Ni kitu cha gharama. Ukiuziwa kwa bei ya sahani ya chipsi kuku, jibu unalo tayari. Nyingi tunazoziona ni za namna tatu: iliyoshindiliwa, vipande vilivyotungwa kwa lastiki, na vipande vilivyopachikwa kwenye fedha. Mimi ningemshauri binti anayenunua kwa mara ya kwanza achukue ya lastiki. Ikivunjika kipande, unabadilisha kipande.

Na yale mashanga makubwa ya manjano mazito kama siagi, yanayoitwa kaharabu ya Kiafrika? Mengi ni plastiki ya jamii ya bakelaiti iliyotengenezwa Ulaya, Ujerumani hasa, mwanzoni mwa karne ya 20 na kuletwa barani kwa biashara. Yanazama kwenye chumvi. Ni mazuri, yana historia, wapo wanaoyakusanya, lakini lipa ukijua unalipia nini.

Mwombe muuzaji aandike kwenye risiti neno moja: asilia, iliyoshindiliwa, sandarusi, au plastiki. Muuzaji mwaminifu hasiti. Kwa kitu cha pesa nyingi, au cha mirathi chenye mgogoro, kipeleke kwenye maabara ya vito. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania. Waulize kwanza kama wanapokea kaharabu, maana kazi yao kubwa ni ya mawe.

Saizi

Bangili za Kihindi madukani zina namba 2.4, 2.6, 2.8. Tarakimu ya baada ya nukta ni sehemu za kumi na sita za inchi, kwa hiyo 2.6 ni inchi 2 na 6/16, yaani sentimita 6 za upana wa ndani. 2.4 ni kama sentimita 5.7, na 2.8 ni kama 6.4. Kunja kidole gumba kikutane na kidole cha mwisho kama unayetaka kuvaa bangili, zungusha uzi kwenye vifundo, pale panapojaa zaidi, pima uzi kwa rula, gawa kwa 3.14. Uzi wa sentimita 19 unatoa 6.05, ambayo ni 2.6.

Kwa kaharabu ya duara zima mimi naongeza namba moja juu. Bangili ya kioo tunaipitisha kwa sabuni na mfuko wa nailoni na kuvumilia maumivu. Kaharabu haina uvumilivu huo, ikibanwa kwenye kifundo inakatika.

Kuivaa na kuitunza kwenye vumbi letu

Hapa ndipo Dodoma inatofautiana na mwongozo wowote wa Ulaya. Upepo wa kiangazi unabeba vumbi, na ndani ya vumbi hilo kuna chembe za mchanga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs mchanga wa aina hiyo uko 7. Kaharabu iko kati ya 2 na 2.5. Kwa hiyo unapofuta bangili yenye vumbi kwa khanga kavu, unaipiga msasa. Mng'aro unakufa kidogo kidogo, na baada ya miezi mtu anakuja kuniambia "imezeeka". Haijazeeka, imesuguliwa. Suuza kwanza kwa maji ya uvuguvugu, yenye tone la sabuni laini kama ina mafuta, vumbi lielee liondoke, halafu ndipo ufute kwa kitambaa laini cha pamba. Usiiache kwenye maji ya moto, na usikubali sonara aitie kwenye mashine ya kusafishia inayotetema.

Marashi, mafuta, spiriti na dawa za nywele zije kwanza, zikauke, kisha bangili iwe ya mwisho kuvaliwa. Bibi harusi anayefukizwa udi aivue, si kwa ajili ya moshi, bali kwa makaa. Jikoni vivyo hivyo. Usiiache juu ya dashibodi ya gari. Oktoba na Novemba ndani ya gari lililofungwa panakuwa tanuri, na kaharabu inapata nyufa ndogo ndogo juu yake kwa joto na ukavu. Kabatini, kwenye mfuko wake wa kitambaa, mbali na dhahabu.

Na usiivae mkono mmoja na bangili za chuma au kioo. Najua mlio wake ni mtamu kwenye ngoma. Lakini kila mlio ni kipigo, na anayepigwa siku zote ni yule laini.

Jambo moja nalisema bila kupunguza: usimfunge mtoto mchanga kidani wala kikuku cha kaharabu kwa kudhani kitapunguza maumivu ya meno. Desemba 2018 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa onyo juu ya vidani hivi, ikamtaja mtoto wa miezi 18 aliyenyongwa na kidani cha kaharabu usingizini. Uzi unakaba, punje inampalia mtoto, na hakuna ushahidi kwamba kaharabu inatibu. Mteja akinitajia mtoto wa meno simtungii, hata akiwa shangazi yangu.

Ukarabati

Kidani kinatungwa kwa uzi wa hariri au nailoni, fundo kati ya kila punje na punje. Fundo linazuia punje zisisagane, na uzi ukikatika njiani unapoteza moja badala ya kupiga magoti barabarani. Lastiki ya bangili ibadilishwe mara inapoanza kulegea. Vuta kidogo utazame, ukiona nyuzi nyeupe zimefumuka, muda umefika.

Mikwaruzo midogo unaweza kuiondoa mwenyewe. Msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, vyote vikiwa vimelowa, mkono mwepesi, ukizungusha. Ukisugua kikavu joto litaifanya inate na kujaa alama. Suuza, kisha sugua kwa kitambaa chenye dawa nyeupe ya meno kidogo mpaka mng'aro urudi. Suuza tena, kausha, pitisha tone la mafuta ya zeituni na kuyafuta yote.

Bangili ya duara ikikatika vipande viwili, usikimbilie gundi. Gundi ya haraka inaacha ukungu mweupe kwenye mkato na mara nyingi inaachia tena pale pale. Funga vipande kwenye kitambaa, usipoteze hata kimeguko, mpelekee sonara akutengenezee vifuniko viwili vya fedha vyenye bawaba. Mwambie wazi kabla hajaanza: fedha ichomelewe ikiwa peke yake, ipoe, ndipo kaharabu iingizwe. Ukimwona anawasha moto na kaharabu ikiwa bado imo ndani, mzuie hapo hapo.